Kichwa cha Ng'ombe Kwenye Sofa

Kila siku akitoka shule, Sindano alipitia kwanza kwenye banda la mama yake. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alikuwa mwembamba, tena mtoto wa fundi cherehani. Kazi zake bandani zilijulikana: kuokota pini sakafuni kwa sumaku, kufagia mabaki ya vitambaa, na kupuliza makaa ya pasi. Wiki hiyo pasi yenyewe haikuwa yao. Yao ilikuwa imevunjika mpini, wakaazimwa nyingine na jirani yao, Bi Vitambaa.

Huyu Bi Vitambaa alikuwa na ugonjwa wa kupamba. Sebuleni kwake kila kitu kilivalishwa kitambaa cha kufuma. Redio ilikuwa na kitambaa, meza ilikuwa na kitambaa, na kitambaa cha meza nacho kilikuwa na kitambaa kidogo juu yake. Watoto wa mtaani walisema mumewe haruhusiwi kusinzia kitini, maana akizubaa kidogo tu, naye atavalishwa.

Siku hiyo Sindano hakuokota pini. Alijikunja pembeni, akaipa barabara mgongo, akawa anashona kitu cha rangi ya waridi. Ilikuwa kazi ya shule. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewagawa wanafunzi wawiliwawili, kila jozi itengeneze mfano wa kiungo cha mwili kwa vitu vya nyumbani, kisha Jumatatu waje kuueleza mbele ya darasa. Asiyeleta hapati alama hata moja, na alama hizo zinaingia kwenye mtihani wa kufunga shule. Wenye bahati zao walipata moyo na mapafu. Sindano na mwenzake wakaangukia mfumo wa uzazi wa mwanamke.

Darasa zima liliangua kicheko. Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze.

Na huyo mwenzake alikuwa nani? Kimya, binti wa Bi Vitambaa, mtoto mpole asiyesikika hata akipiga chafya. Tangu katikati ya wiki Kimya hakuonekana shuleni. Eti tumbo linamuuma.

"Tumbo gani hilo linalojua siku ya kazi!" Sindano alinung'unika, akachoma sindano kwa hasira mpaka akajidunga kidole.

Hata hivyo, mkono wake ulikuwa mzuri. Katikati alishona mfuko wa uzazi, mnene juu, mwembamba chini, akaujaza pamba. Kila pembe ya juu akaipachika mrija uliojikunja kwenda nje, na kwenye ncha ya kila mrija akatia kidonge cha pamba kilichofungwa vizuri. Hivyo vidonge ndivyo ovari.

"Hodi, fundi! Pasi inawaka sawasawa?" Bi Vitambaa alikuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalipita juu ya magauni yote, yakatua pembeni. "He! Na hicho kizuri hivyo ni nini, mwanangu?"

Ndani ya banda walikuwemo wateja wawili, mmoja wao mwanamume aliyeleta suruali kupunguzwa. Sindano akaona moto usoni. Ulimi ukamtangulia.

"Shikamoo. Ni... ni mto wa sofa. Kichwa cha ng'ombe."

"Marahaba. Ng'ombe! Ndiyo maana naona pembe. Na macho yako wapi?"

"Bado sijamshonea."

Mama yake alikuwa amezama kwenye cherehani. Katika kelele zote za mashine alisikia neno moja tu, mto. Na neno hilo ndilo lililoleta balaa.

Jumapili mchana Sindano alirudi kutoka kuchota maji, akatazama rafuni alipokuwa ameuweka mfuko wake. Patupu.

"Mama, kile kitu changu cha waridi kiko wapi?"

"Ule mto wako wa ng'ombe? Nimempa jirani. Katuazima pasi wiki nzima, tumpe nini? Alifurahi huyo, kama kapewa ng'ombe mzima! Utashona mwingine."

"Mama! Ile ni kazi ya shule ya kesho!"

Mguu wa mama ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. "Shule yenu inafundisha kushona ng'ombe?"

Sindano alitazama kapu la mabaki. Kitambaa cha waridi kilikuwa kimekwisha, pamba imekwisha, na kushona upya kungemchukua usiku kucha. Akatoka mbio.

Sebuleni kwa Bi Vitambaa palikuwa pamejaa. Ilikuwa zamu yake kukaribisha kikundi chao cha akina mama, nao walikuwa wamebanana wakinywa chai. Katikati ya sofa, mahali pa heshima, ndipo alipokaa ng'ombe. Alikuwa na macho sasa, vifungo viwili vyeusi vya koti. Alikuwa na mdomo wa uzi mwekundu, unaotabasamu. Na kichwani, bila shaka, alikuwa na kitambaa.

"Fundi mdogo huyo!" Bi Vitambaa alishangilia. "Njoo, njoo usifiwe! Ila mwanangu, mahali pamoja umenikosea. Ng'ombe gani masikio yake yako kwenye ncha za pembe?"

"Mimi tangu nifike nasema ni kondoo," alidakia mama mmoja mnene, aliyekuwa ameegemea mto huo kwa raha zake zote.

"Kondoo yupi ana pembe nyembamba hivyo? Huyo ni mbuzi."

Kwenye kona alikaa mkunga wa zahanati, mwanamke mtu mzima wa miwani. Yeye hakusema kondoo wala mbuzi. Alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yakimtikisika.

Sindano alijaribu njia ya mkato. "Nimekuja kumchukua kidogo... nimrekebishe hayo masikio."

"Kumchukua? Na wageni wangu hawajaondoka? Thubutu! Mpaka wiki ijayo."

Wiki ijayo! Sindano alimtazama ng'ombe, ng'ombe akamtazama kwa vifungo vyake, akitabasamu kana kwamba hana habari ya mtihani. Hapakubaki uongo wa kuongeza.

"Huyo si ng'ombe."

"Si nilisema? Kondoo!"

"Si kondoo. Ni mfuko wa uzazi. Hayo si masikio, ni ovari. Na hizo pembe ni mirija. Ni kazi yangu na Kimya ya somo la sayansi, kesho tunaulizwa. Niliona haya kusema mbele ya watu, ndiyo nikasema ng'ombe. Nisameheni."

Yule mama mnene akaruka kutoka kwenye mto kama aliyekalia kaa la moto.

"Yaani," Bi Vitambaa alisema polepole, "nimekishonea kizazi macho?"

Mkunga hakuweza kujizuia tena. Alicheka mpaka miwani ikamdondokea kwenye chai. Alipokwisha kuifuta, alisema, "Na umekifunika kitambaa, jirani, kisipate baridi! Haya mwanangu, kama kesho mnaulizwa, leo jaribu kwetu. Eleza."

Sindano alianza kwa kunong'ona.

"Paza sauti! Masikio yangu nayo yako kwenye ncha za pembe," alisema mkunga, na wote wakacheka.

Kicheko hicho kilimfungua koo. Sindano akaunyanyua mto juu.

"Msichana huzaliwa na ovari mbili, na ndani yake mna mayai madogo sana. Akibalehe, kila mwezi yai moja hukomaa, kwa kawaida, likatoka kwenye ovari, likapita kwenye mrija huu. Mfuko wa uzazi nao hujitayarisha. Hujitandikia utando laini wenye damu ndani, kama mtu anayetandika kitanda kwa ajili ya mgeni. Yai likikutana na mbegu ya mwanamume, huja kukaa hapa, na mimba hukua. Lisipokutana nayo, mgeni hayupo. Basi ule utando hubomoka na kutoka kupitia ukeni. Ndiyo hedhi hiyo. Hutoka kwa siku chache, kisha kazi huanza upya. Si ugonjwa wala si jeraha."

Pazia la chumbani likasogea. Kimya alikuwa amesimama hapo, macho mekundu, kajifunga shuka kiunoni.

"Kwa hiyo," alisema kwa sauti ndogo, "mimi sijapasuka?"

Hakuna aliyecheka. Bi Vitambaa aliweka chini birika lake.

"Umesemaje, mwanangu?"

"Nilianza kutoka damu Jumatano. Nikajua nimepasuka ndani, nitakufa. Nikasema ni tumbo."

"Na mimi nakupa dawa ya minyoo! Mbona hukuniambia?"

"Mwaka jana nilikuuliza habari za yule msichana aliyechafuka sketi. Ukaniambia mambo hayo hayasemwi."

Bi Vitambaa alimvuta binti yake, akamkumbatia mbele ya wageni wote, na kwa mara ya kwanza mtaani kwetu kitambaa kilianguka sakafuni nyumbani kwake bila mtu kukiokota.

Mkunga alisogea karibu na watoto wawili wale.

"Sikilizeni. Mtu akiumia goti, husema goti, nasi tunalitibu goti. Lakini Sindano aliona haya, akasema ng'ombe. Kimya aliona haya, akasema tumbo, akalishwa dawa za bure. Nasi wakubwa tuliona haya, tukasema nyamaza. Na kiungo chenyewe ndicho kilichotubeba sote tuliokaa humu! Kila kiungo kina jina lake na kazi yake. Mkitaje kwa heshima, mseme kweli. Na wewe, Kimya, badilisha pedi mara kwa mara, oga vizuri, na maumivu yakizidi mwambie mama, mje zahanati."

"Aniambie," Bi Vitambaa alisema, akijifuta macho. "Aniambie chochote."

Jumatatu zamu ya kwanza ilikuwa ya wavulana walioangukia mfumo wa uzazi wa mwanamume. Walieleza kwamba korodani mbili hutengeneza mbegu, nazo hukaa kwenye mfuko nje ya mwili kwa sababu kazi hiyo inataka ubaridi kidogo. "Kama mtungi dirishani!" mmoja akapiga kelele, darasa likacheka, na mwalimu akakubali kwamba mfano huo si mbaya.

Kisha wakaja Sindano na Kimya na mto wao. Walieleza zamu kwa zamu bila kuinamisha vichwa. Mwalimu aliugeuza mto huku na huku.

"Sehemu zote zipo, na maelezo yamekamilika. Ila hivi vifungo viwili sikuvisoma katika kitabu chochote."

Kimya, ambaye darasa halijawahi kumsikia, ndiye aliyejibu. "Ni macho, mwalimu. Mama amekataa yasitolewe. Anasema kazi tumeazima, ng'ombe ni wake."

Na kweli mto ulirudi sofani, macho yake na kitambaa chake kichwani. Ila siku hizi mgeni akiuliza huyo ni ng'ombe au kondoo, Bi Vitambaa humwekea chai na kumwambia, "Ng'ombe wapi? Kaa hapo nikueleze." Na ole wake mgeni aliyekuja kwa haraka.