Kucha za Mkono wa Kulia

Jumapili ya kwanza ya Juni, saa nne asubuhi, soko la vitu vya kale la Britanac lilikuwa limefurika watu kiasi kwamba kila tramu iliyopita kando yake ilipiga kengele bila kukoma. Juu ya meza kulikuwa na vijiko vya fedha, saa zilizokufa, na medali za majeshi ambayo hayapo tena. Vedrana Šimunić, mshonaji wa mavazi katika jumba la maonyesho ya michezo ya kuigiza, hakuvitazama vyote hivyo. Alikuwa amevaa gauni la kitani la rangi ya zeituni alilolishona mwenyewe, nywele amezibana kwa penseli, na mkononi ameshika kitabu kinene chenye picha ya gitaa kwenye jalada.

"Usikinunue hicho," ilisema sauti ya kiume nyuma yake.

"Kwani wewe ndiye muuzaji?"

"Hapana."

"Muuzaji ni mimi!" alifoka mzee aliyeketi nyuma ya meza. "Na wewe, bwana, kama hununui, usinifukuzie riziki."

Mwanamume yule alicheka. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe limekunjwa hadi viwikoni, na alinukia kahawa na sabuni ya kufulia. Jina lake lilikuwa Krešimir Mihaljek, fundi wa lifti.

"Kitabu ni kizuri, mzee wangu, lakini ni cha mtu anayesoma nota. Bibie, unasoma nota?"

"Sisomi."

"Una mwalimu?"

"Nina simu."

"Kwenye hiyo simu umetazama masomo mangapi?"

Vedrana alisita. "Arobaini hivi."

"Na umemaliza mangapi?"

"Haya ni maswali ya polisi au ya padri?" Alikirudisha kitabu mezani, na hapo ndipo alipoiona mikono ya mwanamume yule: kucha za kulia ndefu, zimesuguliwa zikawa laini, za kushoto zimekatwa hadi kwenye nyama. "Na hizo? Mkata kucha alikukimbia katikati ya kazi?"

"Za kulia zinadonoa nyuzi, za kushoto zingezuia vidole kubonyeza. Nikiwa kazini nazifunika kwa glavu. Wenzangu wananiita bibi harusi."

Walikwenda kunywa kahawa. Katika mji ule kikombe kimoja cha kahawa hunywewa kwa saa mbili, wala hakuna anayeharakishwa. Vedrana alieleza kwamba amenunua gitaa tangu majira ya baridi, na kwamba anachotaka ni kupiga kwa vidole vitupu, kidole gumba kikitembea kwenye besi na vingine vikiimba juu yake, kana kwamba wapigaji ni wawili. Tatizo lilikuwa pa kuanzia. Mwalimu mmoja wa mtandaoni alisema kidole kidogo kikae juu ya ubao wa gitaa. Mwingine alisema anayekiweka hapo ameharibikiwa maisha.

"Hupungukiwi masomo," Krešimir alimwambia. "Yamekuzidi. Chagua mwalimu mmoja, kitabu kimoja na wimbo mmoja. Kitabu kiwe cha namba: mistari sita ni nyuzi sita, na namba inakuonyesha mahali pa kubonyeza. Usikinunue. Nenda maktaba ya jiji, kwenye sehemu ya muziki, uazime kwa kadi yako. Na video uziendeshe kwa nusu ya kasi."

"Na nikikwama?"

Alimwandikia namba yake ya simu.

Vedrana alikwama kesho yake. Akakwama keshokutwa, na siku iliyofuata akasingizia kwamba amekwama. Aliishi ghorofa ya pili ya jengo lenye uwanja wa ndani katika mtaa wa Ilica, na kanuni za jengo, zilizobandikwa mlangoni ndani ya kioo, zilitaka ukimya kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja. Aliyezilinda kanuni hizo ni bibi Štefica wa ghorofa ya tatu, ambaye kwa kosa lolote aligonga bomba la kupasha joto kwa kijiko. Kwa hiyo ilipotimia saa kumi na moja jioni, dakika ileile, simu ya Krešimir iliita.

"Mwalimu."

"Mwanafunzi. Weka simu juu ya kiti, unipigie mistari minne."

Alipiga.

"Kidole gumba kina haraka ya kwenda wapi?"

"Kinakuja kwako."

Kicheko cha chini kilisikika simuni. "Kiambie kitembee taratibu. Mimi sitoki hapa nilipo."

Majira ya joto yalipita hivyo. Krešimir alimtengenezea jalada la kijani lenye sehemu tatu, kila karatasi na tarehe yake: masomo ya bure aliyoyapima mwenyewe, majina ya vitabu vilivyokuwa maktaba, na mazoezi ya dakika ishirini, si zaidi. Kucha za mkono wa kulia wa Vedrana zilirefuka. Kila Jumamosi walipokutana kwa kahawa, Krešimir alizikagua moja moja, akizishika kwa ncha za vidole kama mtu anayepima kama zabibu zimeiva. Mwezi wa Agosti, alipofika kucha ya kidole cha pete, hakuuachia mkono.

"Hii ina nini?" Vedrana aliuliza.

"Haina kitu, roho yangu. Nimesahau tu nilikuwa nakagua nini."

Septemba jumba la maonyesho lilifungua msimu mpya kwa mchezo uliohitaji mita arobaini za hariri. Siku ya Jumanne kucha ya Vedrana ilinasa uzi mmoja, na uzi huo ukaacha mfereji katika pande zima la nguo. Msimamizi wa karakana hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kuanzia kesho, atakayeigusa hariri awe na kucha fupi. Jumatano asubuhi Vedrana alizikata juu ya gazeti. Miezi mitatu ilianguka kwa vipande vitano. Hakumpigia Krešimir kumwambia. Jambo lile, alifikiri, wangeliomboleza pamoja Jumamosi, na huenda wangelicheka.

Naye Krešimir alikuwa na lake. Kampuni moja ya lifti ya Linz, nchini Austria, ilimtaka kazini hadi Pasaka, na ilisubiri jibu ifikapo Jumatatu. Usiku wa Ijumaa alilala vizuri kwa kuwa alikwisha kuamua kukataa. Alikuja kwenye kahawa akiwa amenyoa, amevaa koti la buluu ambalo hulivaa harusini tu, na neno lake liko tayari mdomoni.

Kisha aliuona mkono wa Vedrana ukiwa umezunguka kikombe.

Kwa watu wengine kucha ni kucha. Kwa wapigaji wa vidole, kuzikata zote tano kwa mpigo ni sawa na kuvua pete: hufanywa na aliyeacha.

"Umekata," alisema.

"Nimekata." Vedrana alitabasamu, akasubiri aulize sababu.

"Lini?"

"Jumatano."

Jumatano. Alhamisi walizungumza simuni, na Ijumaa pia, naye hakusema. Krešimir alikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. Kumbe amechoka na masomo, na pengine amechoka na mwalimu, ila ana adabu ya kutosema.

"Sawa," alisema. "Kila mtu na uamuzi wake."

Tabasamu la Vedrana lilififia. Krešimir hakumpa pole, wala swali moja. Basi miezi yote hii alikuwa akipenda kucha tano.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza.

"Ulitaka niseme nini? Hata hivyo nimepata kazi Linz. Naondoka mwisho wa mwezi."

"Hongera, bwana Mihaljek."

"Ahsante, bibie."

Krešimir aliondoka akiwa ameacha koti lake kwenye kiti, ikabidi arudi kulichukua. Hakuna aliyecheka.

Oktoba ilikuja na ukungu. Kila saa kumi na moja jioni Vedrana aliketi na gitaa, na simu kwenye kiti ilikaa kimya kama sahani. Hakuacha kupiga. Alijaribu bila kucha, sauti ikatoka hafifu, imefifia kama iliyopita ukutani. Akarudi mtandaoni kutafuta msaada, na walimu wote wakamwambia azifuge. Akanunua kucha za plastiki za kubandika. Moja ilipatikana siku mbili baadaye ndani ya bitana ya koti la mfalme, na mwigizaji aliyekuwa mfalme aliuliza kama ni ya malkia.

Hatimaye alikwenda maktaba. Mkutubi wa sehemu ya muziki alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ghalani, akatoka na kijitabu chembamba chenye vumbi.

"Hakijaazimwa kwa miaka kumi na tisa," alisema. "Lakini swali lako liko humu."

Ndani yake iliandikwa kwamba walikuwako mabingwa wa zamani waliokataa kucha kabisa, wakadonoa kwa nyama ya ncha ya kidole, kwa kuwa waliipenda sauti yake ya duara na ya karibu. Kulikuwa na mazoezi kumi na mawili. Vedrana aliyasoma akiwa amesimama. Je, yalikuwa mazoezi ya kuaminika, au yangemharibu mkono? Aliyeweza kumwambia alikuwa mtu mmoja tu.

Alitafakari siku tatu, kisha akaandika: "Habari za Linz. Nina swali la gitaa tu. Unajua masomo mazuri kwa mtu anayepiga bila kucha? Nimepata haya. Kazini walinikatisha kucha kwa ajili ya hariri, na sitaki kuacha."

Krešimir aliusoma ujumbe akiwa juu ya lifti, kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Akausoma tena. Akakaa chini, juu ya mafuta na vumbi, akapiga simu.

"Vedrana—"

"Sema polepole," alinong'ona. "Saa kumi na robo sasa. Štefica yuko juu."

"Walikukatisha?"

"Ee. Nilinasa uzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikaa pale nikisubiri uulize! Wewe ulikoroga kahawa isiyo na sukari."

"Nilidhani umeacha. Nilidhani umeniacha."

"Kwa kucha? Mwanamume mzima, unaninyima neno kwa sababu ya kucha?" Sauti ilipanda. Juu, bomba liligongwa mara tatu. "Umeona sasa?"

"Mwambie bibi Štefica namsalimia."

"Msalimie mwenyewe, kwani uko mbali gani? Krešo, wewe ni mjinga."

"Najua, kipenzi."

"Usiniite kipenzi, sijakusamehe. Na hayo mazoezi?"

"Ni mazuri. Anza la tatu, la kwanza ni gumu kuliko wanavyodai." Akaisogeza simu sikioni. "Hapo unalia?"

"Nanong'ona. Ndivyo kunong'ona kulivyo."

Mwaka ule sikukuu ya Watakatifu Wote iliangukia Jumapili. Siku hiyo kila mwenye kaburi la kulitunza hurudi nyumbani, awe Linz au Dublin, na mji mzima hupanda Mirogoj, kwenye makaburi ya mji, na maua ya krisantemu mikononi. Krešimir alifika alfajiri kwa basi, akawawashia wazazi wake mishumaa, kisha akashuka Ilica na chungu cha maua meupe alichokinunua zaidi. Vedrana alifungua mlango akiwa amevaa sketi nyeusi na sweta jekundu la shingo ndefu. Hawakujua washikane vipi. Alimpa ndala za wageni, naye akavua viatu kwa utulivu wa mtu anayeogopa kuinua uso.

"Hayo ni maua ya makaburini," alisema Vedrana.

"Leo hawauzi mengine."

"Basi kaa. Usiseme kitu mpaka nimalize."

Alipiga. Kidole gumba kilitembea, vingine vikaimba, na nyama ya vidole iliitoa kila nota bila ncha kali, kana kwamba mtu anasema jambo sikioni. Alikosea mara moja, akaendelea. Krešimir alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mkono wake wenye kucha ndefu, na kwa mara ya kwanza aliziona kama vyombo vya mtu mwenye kelele.

"Mkataba wangu ni hadi Pasaka," alisema wimbo ulipokwisha. "Siwezi kuuvunja. Nimeuliza."

"Nami siwezi kuondoka kabla msimu haujaisha."

"Najua. Sikuja kukuhamisha." Aliinua uso. "Nimekuja kukuoa, kama utakubali kuolewa na mtu asiyekuwepo kila siku."

Vedrana aliliweka gitaa juu ya kitanda, taratibu.

"Uliyafikiria hayo kwenye basi?"

"Juu ya lifti."

"Nimekubali," alisema. "Lakini bado wewe ni mjinga."

Jumatatu asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye dirisha la msajili wa ndoa. Mama mwenye miwani ya mnyororo alipokea vitambulisho vyao, akauliza watatumia jina gani la ukoo baada ya ndoa. Wakatazamana, maana hawakuwa wamefika huko. Akaiacha nafasi ile wazi, akaiwekea alama ya penseli.

"Tarehe ya karibu ni Jumamosi, tano Desemba. Sheria inataka siku thelathini kabla, watu wapate kufikiri."

"Mama," alisema Vedrana, "sisi tumeshafikiri. Wiki sita, kila mtu peke yake. Ndiko kulikotuponza."

Mama yule alivua miwani, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Basi siku hizo mzitumie kuambiana," alisema. "Yote. Hata ya kijinga. Hasa ya kijinga." Akagonga muhuri.

Zilibaki saa mbili kabla ya basi la Linz kuondoka. Walikaa kwenye benchi la korido, chini ya saa ya ukutani, begi la Krešimir kati ya miguu yake. Kwa kitambo aliitazama sakafu.

"Jumamosi ile," alianza, "nilikuja kukwambia kwamba nimeamua kuikataa kazi ya Linz."

Vedrana aliuchukua mkono wa Krešimir, akaulaza juu ya paja lake, akaushikilia hapo kwa mikono yake miwili.

"Endelea," alisema.