Upime, Usiukate

Mama Imakulata anaishi kijiji cha Daudi, katika boma la marehemu baba yake. Kila asubuhi hukamua ng'ombe, kisha huota jua kando ya mkrismasi, mseprasi mkubwa wa mbao. Zamani mikrismasi ilikuwa miwili. Baba yake alipanda mmoja kila alipopata mtoto.

Siku moja mwanawe, Hilary, alirudi kutoka ofisi ya kijiji.

"Mama, wanataka umri wako kwa ajili ya kitambulisho cha wazee. Ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa mvua nyingi."

"Hilo haliandikwi kwenye fomu, mama."

Hilary hajui kusubiri. Alikumbuka kwamba shuleni walifundishwa kuhesabu pete zilizo ndani ya shina ili kujua umri wa mti. Akachukua shoka, akauendea mkrismasi wa mama.

Mama aliegemea shina. "Basi anza na mimi. Baba hakuniachia kumbukumbu nyingine."

Loveness, bibi misitu, alikuwa akipita na pikipiki. Akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwambie huyu aweke shoka chini."

"Kaka Hilary, si lazima ukate. Kuna kisiki cha mti kama huu hapa karibu?"

Kilikuwepo. Kilikuwa cha mti wa Pascal, mdogo wake Mama. Waliukata mwaka jana wapate mbao za jeneza lake.

Loveness alikifuta kwa kitambaa chenye maji. "Kwa kawaida mti huu huongeza pete moja kila mwaka. Hesabu kuanzia katikati."

Hilary alipata pete sitini. Loveness akazungusha futikamba kwenye kisiki: sentimita 180.

"Gawa kwa sitini. Uliongezeka sentimita tatu kila mwaka. Sasa tupime wa mama, kimo kilekile."

Ulikuwa sentimita 204.

"Gawa kwa tatu," alisema Loveness. "Miaka sitini na minane. Ni makadirio tu. Tumelinganisha miti ya aina moja, iliyoota mahali pamoja. Mti wa kwingine ungetudanganya."

Mama alihesabu kwa vidole. "Mti wa Pascal ungekuwa na sitini na mmoja mwaka huu. Basi nilimzidi miaka saba. Ni kweli. Alipozaliwa sikuwa na meno ya mbele. Baba alinicheka sana."

Hilary aliandika: takriban miaka 68. Aliona aibu, akamwomba mama radhi.

Kitambulisho kilipofika, Mama alikwenda nacho kwenye kisiki, Hilary akimfuata. Akagusa pete ya mwisho, karibu na gome.

"Hii ni ya mwaka jana?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hapa mimi na Pascal bado tulikuwa tunakunywa chai pamoja."