Tope la Kwetu Chini ya Gari la Mume Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na mbili, na ninaishi peke yangu katika chumba kimoja hapa Bukoba, si mbali na bandari. Sina mume, sina mtoto, sina mama. Wasomaji wenzangu, nimesita sana kabla ya kuueleza mkasa huu... Lakini kunyamaza nako kumenichosha!

Nilizaliwa Ngenge, huko Muleba. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama akatulea mimi na kaka yangu kwa kibanja cha migomba na kwa kufinyanga vyungu. Udongo wa vyungu tuliuchimba bondeni, penye mafunjo. Udongo mweusi, wa kunata, wenye vipande vyeupe vya magamba ya konokono ambavyo mama alinifundisha kuvitoa kimoja kimoja. Nimeubeba kichwani tangu utotoni. Harufu yake naijua kama ninavyoijua harufu ya mama mwenyewe.

Niliolewa na Projestus, kijana wa Izimbya aliyejifunza ufundi wa magari jeshini wakati wa vita. Tukahamia Bukoba mjini. Alikuwa mcheshi, na alinipenda. Ndiyo, alinipenda! Sitaki kudanganya. Hatukujaliwa mtoto, na ndugu zake walipoanza kunisema, yeye ndiye aliyewanyamazisha.

Kisha likaja lile gari.

Lilikuwa pikapu kuukuu la mwenye duka mmoja wa pale mjini. Kwa miaka mingi lilibeba magunia ya chumvi kutoka bandarini kupeleka maduka ya Muleba. Mvua iliponyesha, chumvi iliyeyuka ikachuruzika chini na kula vyuma kimyakimya. Siku lilipokataa kuwaka, mwenyewe hakutaka hata kuliona tena. Projestus akalichukua kwa bei ya chuma chakavu, tukalisukuma na majirani hadi nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

Watu walicheka. Juu lilikuwa gari, lakini chini lilikuwa kidonda kitupu!

Projestus alijua injini. Ila kulala chini ya gari hakuweza. Jeshini aliona jeki ikiteleza na gari likimwangukia rafiki yake, na tangu hapo akiingiza kichwa tu chini ya gari alianza kutetemeka. Mwanamume mzima! Nilimwonea huruma. Nikafunga kitenge vizuri, nikatandika gunia, nikaingia mimi.

Alikaa kwenye kigoda pembeni, akawa ananielekeza. "Gonga kwa nyundo, Paskazia. Panapolia vizuri ni pazima. Panapolia kama debe, pameoza."

Nikagonga. Palilia kama debe karibu kote!

Tukaanza kwa kuosha. Nilichota maji ziwani ndoo baada ya ndoo, nikayarusha kila pembe, kwa maana ukipaka rangi juu ya chumvi umeifungia chumvi ndani iendelee kula. Nilikuwa nagusa chuma kwa kidole, nalamba. Ladha ya chumvi ikiwapo, naosha tena. Kiangazi kilipokausha kila kitu, nikachukua brashi ya waya nikakwangua. Kutu iliniangukia machoni, puani, mdomoni. Palipotoboka, Projestus alikata vipande vya pipa, nikavishika huku yeye akivipiga ribiti kutoka pembeni. Kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Juu yake lami, ambayo niliichemsha pamoja na oili chafu na mafuta ya ng'ombe ili isipasuke kwa jua.

Kwenye chasisi kulikuwa na vitundu vya kutolea maji. Hivyo nilivizibua kwa kijiti, nikahakikisha lami haivizibi. Maji ya chumvi yakikosa pa kutokea, hulila gari kutoka ndani.

Mnanicheka? Nilikuwa na furaha kule chini! Mikono yangu ilikuwa myeusi, nywele zinanuka oili, lakini mume wangu alikuwa pale karibu, naona miguu yake, nasikia sauti yake. Tulizungumza mambo ambayo hatukuwahi kuzungumza hata kitandani. Na kila mara aliniambia, "Likiwaka tu, safari ya kwanza ni Ngenge kwa mama yako. Utashuka mlangoni kama mke wa mwami, mke wa chifu!"

Gari likawaka. Wanawake wa jirani walipiga vigelegele. Mimi nililia...

Safari ya kwanza haikuwa Ngenge. Yule mwenye duka aliposikia gari limepona, alimpa Projestus kazi ileile, kupeleka chumvi Muleba. Nikamwuliza mume wangu, chumvi tena? Baada ya yote yale?

"Chumvi ndiyo yenye kazi," akasema. "Na wewe si unajua kuliosha?"

Basi ikawa hivyo. Yeye anasafiri, mimi nabaki. Akirudi anakula, analala, nami naingia chini na ndoo zangu. Mwanzoni alikuja kukaa kwenye kigoda kama zamani. Baadaye hakuja. Nikawa naosha peke yangu, nazungumza na vyuma.

Ndipo alipokuja Ma Anatolia, jirani yetu wa Ngenge, aliyekuwa akileta mikeka sokoni. Akaniambia mama hajiwezi, miguu imevimba na kifua kinambana. Kaka yangu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo aliyekuwa akimwangalia mama ni mjane wa kaka, Koletha, aliyeishi naye nyumba moja.

"Mama yako anakutaja," Ma Anatolia akasema. "Mwanangu, usikawie."

Nikamwambia Projestus anipeleke. Akatikisa kichwa. Alisema barabara ya kushukia Ngenge ni tope tupu msimu ule, na tope likiganda chini ya gari hushikilia chumvi kwenye chuma kama dawa kwenye kidonda. "Unataka kazi yako yote ioze? Subiri kiangazi, Paskazia. Mama yako hafi kwa kikohozi."

Alijua pa kunishika. Ile ilikuwa kazi ya mikono yangu! Nikasubiri.

Nilinunua blanketi na sukari, nikampa afike navyo Muleba, awakabidhi watu wanaokwenda Ngenge. Aliporudi alisema amevikabidhi. Nikamwomba tena anipeleke. Akasema mvua. Nikamwomba tena. Akasema springi imelegea. Mbona sababu hazikwisha? Wanawake wengine walikuwa wakitembea kwa miguu kutoka huko, na mizigo kichwani. Lakini mimi nilikuwa mke wa mwenye gari. Nilijiambia, nitaendaje kwa miguu wakati gari lipo? Watu watasemaje?

Siku moja aliporudi, nikaingia chini kama kawaida. Nikachokonoa tope nyuma ya madigadi kwa kijiti. Barabara ya Muleba ina vumbi jekundu, na tope lake ni jekundu. Lakini tope lililodondoka mkononi mwangu lilikuwa jeusi.

Nikalifinya. Likanata. Ndani yake mlikuwa na vipande vyeupe vya magamba ya konokono... na jani la funjo, lingali bichi.

Nikalinusa. Mawe! Mama yangu! Ilikuwa harufu ya nyumbani kwetu.

Sijui nililala pale chini muda gani. Nilipotoka nilimwonyesha. "Hili tope la wapi?"

Hakuacha kula. "La njiani."

"Ni la Ngenge. Ni udongo wa mama."

Akacheka. "Paskazia, tope ni tope! Au siku hizi limeandikwa jina?"

Nikanawa mikono. Nilitaka sana awe anasema kweli, mnaelewa? Niliogopa kuuliza swali la pili, kwa sababu ningepata jibu.

Haukupita muda mrefu, Ma Anatolia akaja tena. Safari hii hakuwa na mikeka. Alisimama mlangoni na kitambaa cheusi kichwani, nikajua kabla hajafungua mdomo.

Mama alikuwa amekwisha kuzikwa.

Projestus alikuwa safarini. Nilipanda basi hadi Muleba, na kutoka hapo nikatembea. Niliteremka bondeni na viatu mkononi. Nilipofika, wanawake waliokuwa wamekaa matanga walinitazama, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kunikumbatia. Hata mmoja! Nikadhani ni huzuni.

Gari la mume wangu lilikuwa limesimama kando ya nyumba.

Koletha akatoka ndani. Tumbo lake lilikuwa kubwa, na kaka yangu tulimzika zamani. Nyuma yake akatoka Projestus, ameshika kikombe cha kahawa, amevaa kandambili kama mtu aliye kwake.

Wasomaji wenzangu, hata hapo sikuanguka. Kilichoniangusha ni maneno ya Ma Anatolia. Alinivuta kando, nyuma ya migomba, akaanza kunigombeza kwa sauti ya chini.

"Sasa ndiyo unakuja, Paskazia? Sasa? Mama yako alikuwa akisikia gari likinguruma bondeni, anatuomba tumwinue. Anajikokota hadi mlangoni. Kila mara anashuka mume wako peke yake."

Nikamwambia sikujua. Nikamwapia kwa jina la Bikira Maria kwamba sikujua!

Akanitazama. Uso wake ukabadilika. "Mume wako alituambia umekataa kuja. Alisema umezoea mji, huwezi tena moshi wa kijijini. Nami nilikwambia usikawie, ukakawia... Tukamwamini."

"Na mama? Mama alisema nini?"

Ma Anatolia akafuta macho. "Alisema, mwacheni. Ili mradi ni mzima."

Na blanketi? Lilimfunika hadi mwisho. Alizikwa nalo. Lakini aliambiwa ni zawadi ya mkwewe, naye alikuwa akimwombea Projestus baraka kwa ajili ya blanketi lile... Mama yangu aliondoka duniani akidhani binti yake amemkinai!

Nilimfuata Projestus pale mlangoni. Sikumwuliza habari ya Koletha wala tumbo lake. Nilimwuliza jambo moja tu: kwa nini alimwambia mama vile?

Alitazama chini. "Ningemwambia nini, Paskazia? Ningekuleta ungeona. Nisipokuleta nilihitaji sababu."

Alisema hivyo tu. Moyo wa mama yangu ulivunjwa ili yeye apate sababu!

Wazee wa ukoo waliitwa. Walisema kibanja kitabaki kwa mjane, kwa kuwa ana mimba, na mtoto atahesabiwa wa ukoo, na mimi sina mtoto. Nikarudi Bukoba peke yangu, Projestus akabaki kwa Koletha. Nilianza kuuza uji na ndizi za maharage kwa wapagazi wa bandarini. Asubuhi napika, jioni naosha sufuria. Siku za Jumapili naenda kanisani, nakaa benchi la nyuma, naondoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Wanaojua kisa changu wananionea huruma. Wasiokijua wanauliza watoto wangu wako wapi. Sijui lipi linauma zaidi.

Misimu miwili ya mvua ilipita. Siku moja jioni nikamwona Projestus amesimama mbele ya kibanda changu. Amekonda. Nilidhani amekuja kuomba msamaha. Nilikuwa nimekwisha hata kuyatayarisha maneno ya kumjibu!

Akaniambia gari limeanza kuoza. Chasisi imepata ufa karibu na springi ya nyuma. Koletha hawezi kuingia chini, ana mtoto mdogo, na fundi aliyemwita amepaka lami lakini inabanduka. Akakuna kichwa.

"Ulikuwa unachanganya nini kwenye lami?"

Nilimtazama mtu yule niliyelala chini ya gari lake kwa ajili yake... Watu wangu, niseme nini? Ningeweza kumtukana, au kummwagia uji wa moto. Badala yake nikamjibu. Oili chafu na mafuta ya ng'ombe. Aoshe kwanza, alambe, aoshe tena. Azibue vitundu vya chasisi.

Akasema asante. Akaondoka. Baadaye nilisikia hakuwahi kuingia chini, na gari lilikatika katikati kwenye mteremko wa Muleba likiwa na magunia. Hakuna aliyeumia. Walionisimulia walitazamia nitafurahi. Sikufurahi. Ningefurahia nini? Chuma kikikatika kinaungwa. Mama aliyekufa na uchungu moyoni nitamwunga kwa kitu gani?

Dada zangu, na kaka zangu pia, nawasihi. Msinionee huruma tu, bali mnisikilize! Ukimwuliza mwenzako swali naye akacheka badala ya kujibu, uliza tena, hata kama jibu litakuvunja. Usimpe mtu mwingine salamu zako zote akupelekee, hata awe mume wako wa ndoa. Na kama umeambiwa mzazi wako anaumwa, usingoje kiangazi, wala usingoje gari. Miguu unayo!

Mimi siku hizi natembea. Kila mwaka nakwenda Ngenge kupalilia kaburi la mama. Nafika jioni, miguu imevimba, nabisha hodi kwa Ma Anatolia anipe jembe. Kule kwetu hakuna tena mtu anayetoka mlangoni kunilaki.

Wewe ambaye wako bado yupo, nenda. Nenda kesho asubuhi!