Pazia la Sabwe

Saa nne asubuhi wapiganaji wa milima ya kaskazini walifyatua roketi tatu kuelekea mji wa Sabwe. Hazikufika. Mita mia mbili juu ya mapaa zilikutana na pazianuru, utando wa mwanga wa buluu uliotandwa angani na roboti-nguzo ishirini na nne, zikageuka majivu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo alikung'uta majivu hayo kwenye shuka, akaendelea kuanika.

Pazianuru lilikuwa chini ya Meja Tulinagwe Mwakipesile, mhandisi kutoka Tanzania. Askari wake tisini walivaa bendera ya nchi yao begani, lakini amri walizipokea kwa Jenerali Baltasar Ibarra, raia wa Uruguay aliyeongoza jeshi la amani la mataifa tisa. Jenerali alikaa makao makuu, kilomita mia tatu kutoka Sabwe, akisaidiwa na akili-amri, mashine iliyosoma picha za setilaiti na kupendekeza hatua. Kila alichosema kilipita kwenye kitafsiri na kumfikia Meja kwa Kiswahili cha mtangazaji wa redio.

"Meja," sauti ilisema asubuhi hiyo, "akili-amri imeona vyanzo arobaini vya joto kali mtaa wa mashariki. Ni mitambo ya roketi ya wapiganaji iliyofichwa; hatuwezi kuilinda. Ondoa pazia mashariki, ulinde magharibi pekee. Nguzo zianze kuhama sasa."

Mtaa wa mashariki ulikuwa na watu elfu sita.

Sajenti Rehani Chipeta, fundi wake mkuu, alikuwa amesikia. Alitazama kitufe chekundu kwenye kifua cha Meja. Kila kikosi kilikuwa nacho: ukikibonyeza, unarudi chini ya amri ya nchi yako papo hapo.

"Bonyeza, Afande," alisema. "Hawa wataangamia."

"Nikibonyeza, leo tutauokoa mtaa huu. Kesho kila nchi itabonyeza cha kwake, na pazia litabaki matundu matupu." Akawasha redio ya mawasiliano. "Jenerali, naomba dakika kumi. Mashine inaona joto. Mimi niende nikaone watu."

Meja alikuwa ameshavaa kofia yake yenye kamera.

"Kumi," Jenerali alisema. "Lakini nguzo zinaendelea kuhama."

Meja alikimbia. Kwenye chanzo cha kwanza cha joto alimkuta mama wa makamo, uso umejaa masizi, akichochea kuni kwenye tanuri la udongo.

"Shikamoo, mama. Humu mna nini?"

"Marahaba. Humu? Tofali, mwanangu. Mtaa mzima tunachoma tofali. Nyumba zimebomolewa, tutajengea nini?"

Meja aliielekeza kamera ya kofia yake kwenye mdomo wa tanuri. Matofali yalikuwa yamewiva mekundu, safu juu ya safu. Akaenda tanuri la pili, la tatu, la nne.

"Nimeona," sauti ya Jenerali ilisema. Hata kitafsiri hakikuweza kuificha fadhaa yake. "Nafuta amri. Funika mji wote."

Nguzo ziligeuka na kurudi. Moja haikurudi. Nguzo ya kumi na tisa ilikuwa imekwama kwenye mtaro, kichwa kimeelekea upande, na juu ya mtaa wa mashariki pazia likawa na pengo pana kama uwanja wa mpira. Wakati huohuo milima ya kaskazini ilinguruma. Roketi kumi na saba zilipaa.

Nguzo iliyokwama ingeweza kugeuzwa kwa mikono tu, na miwani iliyokinga macho ya mafundi dhidi ya mwanga wake mkali ilizimika na kuwa giza ukiikaribia. Chipeta alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Aliifikia mbio, akavua miwani, akaikumbatia nguzo, akaisukuma kwa bega na kifua mpaka kichwa chake kikatazama juu.

Pazia lilijifunga. Roketi zote kumi na saba ziliteketea. Mtaa ukalipuka kwa vigelegele, watu wakagonga kalibu za tofali kama ngoma, na wazee ambao kwa miezi saba hawakuwa wametoka majumbani walisimama barabarani wakitazama juu. Siku kumi na nane baadaye, wapiganaji wa milimani, ambao roketi zao zilikuwa zimekuwa bure, walitia saini mapatano.

Jenerali Ibarra alikuja Sabwe siku hiyo hiyo. Kabla ya sherehe ya mapatano, Meja alimpeleka hospitali, kitandani kwa Chipeta. Macho ya sajenti yalikuwa yamefungwa bendeji. Madaktari walikuwa wameshasema hayataona tena.

"Ni nani, Afande?"

"Jenerali."

Ibarra aliondoa kitafsiri sikioni. Maneno ya Kiswahili alikuwa ameyakariri njiani, na lafudhi yake ilikuwa nzito. "Sajenti. Amri ile ilikuwa yangu."

Chipeta aligeuza uso kuelekea sauti hiyo. "Mtaa umebaki?"

"Wote," Meja alijibu. "Wameanza kujenga."

"Na nyumbani Ludewa, mke wangu ataandikiwa na nani?"

"Mimi. Wewe ni askari wetu."

Jenerali alirudisha kitafsiri sikioni, na Meja akamrudia maneno hayo. Naye akasema kuwa atatia saini yake pia, kwa sababu nguzo ilihama kwa neno lake.

"Sawa, tieni saini wote wawili," Chipeta alisema, akijiinua kwenye mto. "Ila muandike kwamba kuirudisha ile nguzo sikuamriwa na mtu."