Shaame Ajifunza Kupumzika

Mwaka 1958 mikarafuu ya kijiji cha Ole ilizaa sana, alhamdulillahi. Matawi yaliinama kwa uzito. Kila uani palitandazwa majamvi ya karafuu, na wapita njia walipita pembeni wasizikanyage.

Shaame alikuwa mchumaji hodari. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na nne. Asubuhi alikwenda shambani na mkewe, Moza. Shaame alipanda juu kabisa ya mkarafuu na pakacha lake. Moza alichuma matawi ya chini na kuokota zilizoanguka. Jioni walikaa barazani wakachambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, upande ule.

Shaame alikuwa mkimbiaji pia. Kila mwaka, uchumaji ukimalizika, vijana wa Ole, Mgogoni na Shumba walishindana mbio za maili tatu. Walizunguka kiwanja cha Ole mara kumi na mbili. Mwaka uliopita Shaame alikuwa wa pili. Alishindwa na Silima wa Shumba kwa hatua tatu tu.

Hatua zile tatu zilimkaa rohoni.

"Moza," alisema, "mwaka huu Silima atauona mgongo wangu."

"Inshallah," alijibu Moza. "Lakini kula kwanza, uji wapoa."

Kiongozi wa wakimbiaji wa Ole alikuwa Mmanga. Mmanga alikuwa mtu mwema, ila alipenda kuamrisha. Aliwakimbiza vijana baada ya sala ya alfajiri, akawakimbiza tena baada ya alasiri. Hawakuwa na siku ya kupumzika, hata Ijumaa.

Siku moja Moza alimwuliza, "Kaka Mmanga, huyu ashinda mtini kutwa. Jioni akimbie tena? Kule juu si mazoezi?"

Mmanga alicheka. "Shemeji, kuchuma ni kazi tu. Hata bibi yangu achuma. Mazoezi ni mbio!"

Shaame naye akacheka. Watu wengi wa Ole waliamini hivyo. Kupanda mti, kubeba pakacha, kuchimba muhogo, hizo zote zilikuwa kazi. Hakuna aliyezihesabu kuwa zinauchosha mwili wa mkimbiaji.

Wiki tatu za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Shaame aliwapita wenzake wote. Wiki ya nne Moza alianza kuona mabadiliko. Aliangalia tu.

Aliona kwamba Shaame huacha chakula. Siku moja alimpikia pweza wa nazi, kitoweo akipendacho kuliko vyote. Shaame alikula matonge manne akanawa.

Aliona kwamba halali vizuri. Mtu amechoka hivyo, lakini hugeuka kitandani huku na huku.

Aliona pia kwamba amekuwa mkali. "Chumvi imezidi!" alisema siku moja. Kesho yake akasema, "Hiki chakula hakina chumvi!" Moza alikuwa ametia chumvi ile ile.

Mafua yalimshika, yakaondoka, yakarudi. Miguu ilimwuma tangu anapoamka. Kisha siku moja alisali alasiri nyumbani. Alisujudu, lakini hakuinuka. Moza alingoja. Alisogea karibu. Akasikia mumewe akikoroma.

Alimgusa bega. Shaame alishtuka. Aliona haya sana.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Sitamwambia," alisema Moza. "Lakini Shaame, miye naogopa."

"Waogopa nini? Mwanamume hachoki!" Akaondoka kwenda kiwanjani.

Huko kiwanjani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jaribu, kijana aliyekuwa nyuma yake siku zote, alimpita. Alimpita Jumatatu, akampita na Jumanne. Wenzake wakaanza maneno.

"Shaame, leo umefunga jiwe kiunoni?"

"Mwacheni, yuapiga hesabu ya mawingu!"

Mmanga hakucheka. Alimvuta Shaame kando. "Yakhe, hili si bure," alisema. "Watu wa Shumba wamekufunga miguu kwa uchawi. Dawa ni mbili. Tafuta azima ya kuvaa, na uongeze mbio. Ukikimbia sana, kifungo kitakatika."

Shaame aliamini. Alivaa hirizi mguuni. Akaongeza mbio za tatu, saa sita mchana, wakati wenzake wa shambani wanapumzika kivulini.

Siku ya nne alikuwa juu ya mkarafuu mrefu. Moza alikuwa chini. Alisikia tawi likilia. Alipoinua macho, mguu wa Shaame ulikuwa umeteleza. Pakacha lilianguka, karafuu zikamwagika. Shaame alining'inia kwa mikono miwili.

"Ya Rabbi!" Moza alipiga kelele. "Shika! Shika hapo hapo!"

Jaribu alikuwa mti wa pili. Aliteremka mbio, akaupanda ule wa Shaame, akamshika kiuno. Walishuka pamoja, polepole. Shaame alikaa chini ya mti. Uso wake ulikuwa umesawijika. Hakuweza hata kukunja vidole.

Moza hakulia. Alijifunga kanga yake vizuri akasema, "Sasa basi. Twende kwa Dresa Himid."

Dresa Himid alikuwa jirani yao. Alifanya kazi ya kutibu watu katika kituo cha matibabu, akifunga vidonda na kutoa dawa. Mmanga alisikia kelele akaja, akampakia Shaame kwenye baiskeli yake. Moza na Jaribu walifuata kwa miguu.

"Karibuni," alisema Dresa Himid. "Mgonjwa ni nani?"

"Si mgonjwa," alisema Mmanga. "Amefungwa miguu."

"Haya, tutaiangalia hiyo miguu. Lakini tuanze na mwili mzima."

Dresa alimpima homa. Hakuwa na homa. Alimfunua kope za macho aone kama damu ni kidogo. Alimgusa tumbo, upande wa kushoto na wa kulia. Alimwuliza kama anakohoa, kama choo chake ni kizuri.

"Kwanza hutazama maradhi," alieleza. "Homa ya malaria na safura humchosha mtu vile vile. Kwako sizioni hizo. Sasa niambie, siku yako inakwendaje?"

Shaame alieleza mbio za alfajiri, kisha mti, mbio za adhuhuri, mti tena, na mbio za jioni.

"Na unapumzika lini?"

"Wallahi, Dresa," alisema Moza, "alipumzika mara moja tu, na wakati wenyewe haukuwa wa kulala."

Shaame alimtazama kwa jicho kali, lakini Moza hakuongeza neno juu ya hilo. Kisha Moza alieleza yote mengine aliyoyaona. Chakula, usingizi, ukali, mafua, maumivu ya asubuhi. Dresa aliitikia kwa kichwa kila mara.

"Una macho mazuri, dada," alisema. "Hizo zote ni alama za jambo moja. Mumeo amezidisha mazoezi. Mwili haukupata nafasi ya kupumzika."

"Lakini mazoezi ndiyo yanayoleta nguvu!" alisema Mmanga.

"Si peke yake. Sikiliza, Mmanga. Mtu anapokimbia, anauchosha mwili na kuuumiza kidogo. Anapolala na kula, mwili unajitengeneza, na unajitengeneza ukiwa na nguvu zaidi ya mwanzo. Ukiukimbiza tena kabla haujamaliza, unazidi kuharibika. Huyu kila akiongeza mbio, anapunguza nguvu."

"Na kuchuma je?" aliuliza Moza.

"Kuchuma ni mazoezi makubwa. Mwili haujui kama wafanya kazi au wacheza. Wajua umetumika tu."

Moza alimtazama Mmanga. Mmanga alitazama dari.

"Basi mtu asichoke kabisa?" aliuliza Jaribu.

"Achoke. Kuchoka si kubaya. Ukichoka leo, ukalala usiku mmoja au miwili ukaamka mzima, huo ni uchovu wa kawaida. Lakini ukilala na uchovu ukabaki, na siku zinapita, na mbio zinapungua badala ya kuongezeka, simama. Usingoje uanguke mtini."

"Na hirizi yangu?" aliuliza Shaame kwa sauti ndogo.

"Dua someni, nami nitakuombea. Lakini Mola ametupa usingizi, nao ni neema. Mwili ni amana, Shaame. Mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwakani huwaje?"

"Hupumzika. Huzaa kidogo."

"Nawe huupiga fimbo kwa sababu hiyo?"

Wote walicheka, hata Mmanga.

Dresa alimpa masharti. Siku kumi asikimbie kabisa. Asipande juu ya miti. Alale mapema, tangu baada ya isha mpaka alfajiri. Ale vizuri, muhogo na samaki na matunda, na anywe maji.

"Siku kumi!" alilia Shaame. "Mbio zimebaki wiki tano! Silima hatalala siku kumi!"

"Ukikimbia hivi ulivyo, hata maili moja humalizi. Chagua."

Shaame alimtazama mkewe. Kisha akasema, "Haya. Nimekubali."

Lakini karafuu hazingoji. Zikipita siku zake hufunguka maua, zikaharibika. Moza alifikiria hilo njia nzima. Asubuhi alipofika shambani alimkuta Jaribu juu ya mti wao. Mmanga alikuwa juu ya mti mwingine.

"Shemeji, usiniangalie hivyo," alisema Mmanga. "Miye ndiye niliyemkimbiza. Wacha nimchumie."

Moza aliwaombea dua. Mchana aliwapikia chakula cha kushiba.

Kila alfajiri, akienda msikitini, Dresa Himid alibisha hodi kwanza. Alimkuta Shaame bado amelala kitandani, kama walivyokubaliana. Alimshika kifundo cha mkono akatazama saa yake. Siku ya kwanza moyo ulipiga mara sabini na nane kwa dakika.

"Mkimbiaji aliyepumzika, moyo wake hupiga polepole anapoamka," alisema. "Huu wako bado una haraka. Hata kitandani unakimbia."

Siku ya tatu Moza alimwona Shaame akinyemelea njiani.

"Wenda wapi?"

"Kunyoosha miguu tu."

"Inyooshe hapa barazani. Makonyo yako yanakungoja."

Shaame alirudi, akakaa akachambua. Alinung'unika kama mzee. Lakini siku ya tano alimaliza sahani ya wali akaomba mwingine. Siku ya saba alilala usiku kucha bila kugeuka. Siku ya nane alimtania Moza kuhusu chumvi, akacheka mwenyewe. Siku ya kumi moyo ulipiga mara sitini.

"Sasa anza," alisema Dresa. "Lakini polepole. Leo kimbia kidogo. Kesho tembea. Ukikimbia sana siku moja, siku ya pili iwe nyepesi. Siku ya kuchuma sana usikimbie. Ijumaa pumzika kabisa. Wiki ya mwisho kabla ya mashindano, punguza zaidi. Na Moza ataendelea kukuangalia. Chakula kikibaki, usingizi ukipotea, simama."

Mmanga alibadilisha ratiba ya vijana wote wa Ole. Mwanzoni baadhi yao walimcheka. "Siku hizi twafundishwa kulala!" walisema. Baada ya wiki mbili hawakucheka tena. Jaribu alisema hajapata kuwa na miguu myepesi namna ile.

Siku ya mashindano kiwanja kilijaa. Wanawake walisimama upande mmoja na mabuibui yao, wanaume upande mwingine. Wakimbiaji walikuwa tisa. Silima wa Shumba alivaa fulana nyeupe.

"Shaame," alisema Silima, "nimesikia ulikuwa mgonjwa. Pole, bwana. Nitakungojea mwisho wa mbio."

"Ahsante," alisema Shaame. "Niwekee na maji."

Filimbi ililia. Silima alitoka mbele tangu raundi ya kwanza. Shaame alikuwa wa tano. Watu wa Shumba walipiga vigelegele. Raundi ya sita Shaame alikuwa wa nne, raundi ya tisa wa pili. Moza hakupiga kelele. Aliangalia miguu ya mumewe. Haikuwa mizito. Haikuwa ikiburutika. Aliangalia uso wake. Ulitulia.

Raundi ya kumi na mbili Silima aligeuza kichwa nyuma. Hapo Shaame alifungua hatua. Alimfikia kwenye kona ya mwisho. Walikimbia bega kwa bega. Kisha Shaame akapita, na kiwanja chote cha Ole kilipasuka kwa kelele.

Silima aliinama akihema. Kisha akamshika Shaame mkono. "Yakhe, umekula nini?"

"Usingizi," alisema Shaame.

Silima alidhani anatania. Shaame alimwita Dresa Himid, akamwambia Silima, "Muulize huyu. Atakwambia yote, usiogope."

Mmanga alikuja mbio, machozi ya furaha yakimtoka. Alimkumbatia Shaame, akamkumbatia Jaribu aliyekuwa wa tatu, karibu amkumbatie na Silima.

"Vijana wangu!" alisema. "Kesho alfajiri tuonane hapa hapa! Tuanze mazoezi ya mwakani!"

"Kesho?" alisema Shaame. "Kesho nalala."

Watu waliangua kicheko, na Mmanga mwenyewe akajipiga kichwa.

Kesho yake Shaame alisali alfajiri, akarudi kitandani. Moza alitwanga mtama nje, lakini alitwanga taratibu. Jirani mmoja alipita akauliza, "Bingwa yuko wapi? Nataka kumpa mkono."

"Amelala, alhamdulillahi," alisema Moza. "Rudi adhuhuri."