Dawa Nyeupe ya Kitanda cha Nne

Mzee Tajeu alikufa saa saba na robo mchana, mpira wa kupumulia ukiwa mkononi mwake badala ya kooni.

Inspekta Githinji hakugusa kitu. Alisimama kando ya kitanda cha nne, katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja ndogo ya Kitengela, akaikagua pampu ya dawa. Ilikuwa imezimwa. Ndani ya mrija wake kulibaki kitu cheupe kama maziwa.

"Hii ni nini, daktari?"

"Propofoli," alijibu Daktari Nelima. "Na haikufaa kuwa hapo. Tunalinganisha dawa mbili za kulaza wagonjwa walio kwenye mashine. Nani apate ipi, bahasha iliyofungwa ya utafiti ndiyo huamua. Ya mzee ilisema midazolamu, na hiyo haina rangi, ni kama maji."

"Tofauti yake?"

"Midazolamu ukiifunga, mgonjwa anaweza kulala saa nyingi bado. Hii nyeupe ukiifunga, dakika chache tu ameamka."

Kumbe mtu alitaka mzee aamke, Githinji akawaza. Muuaji angemwamsha ya nini?

Kwenye korido aliketi Koinet, mwana wa marehemu. Kwenye paji lake la uso palikuwa na doa kavu, lenye wekundu wa damu. Githinji akamnyooshea leso.

"Jipanguse, kijana."

"Hapana, afande. Hii sipangusi."

Naeku, nesi wa zamu, akainamisha kichwa.

Githinji alikuwa amefanya kazi Kajiado miaka kumi na tisa. Aliyajua mate ya mzee wa Kimaasai kwenye paji la mwanawe. Ni baraka.

"Alikuwa amekulaani?"

"Niliuza shamba la Isinya bila kumwambia. Akasema nisimwite baba tena. Wiki hiyohiyo akaanguka."

"Nani alibadilisha dawa?"

Koinet akaangalia sakafu.

"Mwache, afande," Naeku akasema. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Alinililia siku tatu. Hata mimi niko na baba. Mtu akimzika babake na laana juu yake, ataipeleka wapi? Nikaweka hiyo nyeupe asubuhi, nikaifunga saa saba. Nilitaka dakika kumi tu, halafu nimrudishe usingizini."

"Na mikono? Si wagonjwa hawa hufungwa?"

"Nilimfungua. Alimwona mwanawe, akawa anainua vidole. Nilifikiri anataka kumshika kichwa."

"Akashika mpira."

"Hauwezi kutema mate na mpira kooni, afande. Alitema, pumzi ikamkata kabla sijaurudisha."

Githinji alikuwa amesikia maungamo mengi. Hili alitamani lingekuwa uongo.

Daktari Nelima alikuwa amewafikia, faili kifuani.

"Mapafu yake yalikuwa yanapona. Niliamua leo asubuhi. Alhamisi ningemtoa huo mpira, azungumze."

Ilikuwa Jumanne.

"Ulimwambia nani?"

"Niliandika kwenye faili. Nilikuwa namngoja mwanawe aje nimwambie."

"Alikuja," Githinji akasema.

Naeku akanyoosha mikono kusubiri pingu. Githinji hakuzitoa.

"Vaa sweta, mama. Kesho ni mahakama ya Kajiado, na seli yetu ina baridi."

Walipofika mlangoni Githinji aligeuka. Koinet alikuwa bado benchini, kiganja kimeinuliwa mbele ya paji la uso, kama mtu anayekinga mshumaa usizimike.