Wanaovuka Magharibi

Jua lilikuwa limezama upande wa Kongo, na Swalik alikuwa amebakiza kazi moja tu: kuondoa mapipa yaliyoziba nusu ya barabara, kisha aende zake nyumbani Nyakiyumbu. Halmashauri ya mji ilimweka pale njia panda ya Bwera kuongoza magari. Tangu asubuhi alikuwa amemeza vumbi, moshi wa malori na matusi ya bodaboda. Miguu ilimwaka moto. Mkono wa kusimamishia magari ulikuwa mzito kama si wake.

Akainama kulisukuma pipa la kwanza.

"Afande."

Mwanamke alikuwa amesimama ukingoni, upande wa mtoni, kitenge kikimchuruzika maji. Wiki nzima mvua haikuwa imenyesha.

"Simamisha magari," akasema kwa sauti ya chini. "Batu bangu banavuka."

Swalik akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Lakini hata kukataa kunataka nguvu, na yeye hakuwa nazo. Akainua mkono. Magari yakasimama.

Mwanamke hakuvuka. Alibaki palepale, akitazama lami.

Ndipo Swalik akasikia nyayo.

Ndala zikiburuzwa. Sufuria zikigongana. Mtoto akikohoa, kikohozi kikavu, usawa wa kiuno cha Swalik... Harufu ya tope na ya nyumba iliyoungua ikampita usoni.

Barabara ilikuwa tupu.

Honi zikaanza. Madereva wakamwuliza anamvusha nani, wengine wakacheka. Nyayo hazikuisha. Mkono ukaanza kushuka.

"Usishushe mukono," mwanamke akanong'ona. "Batoto beko nyuma."

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Drani, dereva aliyeshusha saruji Mpondwe na sasa anarudi Kasese na lori tupu. Alikuwa hajalala tangu jana yake, na macho yake yalionyesha. Swalik akamwonea huruma. Au alijionea huruma mwenyewe. Baadaye hakuweza kusema ni ipi.

Akashusha mkono.

Lori likapita. Hapakuwa na kishindo wala kilio. Nyayo zilikatika tu, kama redio iliyozimwa. Alipogeuka, mwanamke hakuwepo.

Mbele kidogo lori likasimama. Drani akashuka taratibu, midomo imemkauka.

"Afande, nani umeniwekea nyuma?"

Wakafunua turubai pamoja. Sakafu ilikuwa tupu, imelowa. Na kule ndani, gizani...

Kikohozi kikavu.

Jamira, muuza chapati wa pale njia panda, aliwaketisha wote wawili akawapa maji. Ndiye aliyewasimulia kwamba kabla barabara haijapanuliwa, hapo palikuwa na kijia cha wakimbizi wa Beni, kule Kongo, waliopanda kutoka mtoni, na kwamba jioni moja maji yaliwachukua wengi. Yosamu, aliyefanya kazi hiyo kabla ya Swalik, kila magharibi alikuwa akiinua mkono barabarani bila mtu kuvuka. Watu walimwona mwendawazimu. Akiulizwa, alijibu tu kwamba wanaovuka wasikatwe katikati. Zaidi ya hapo Jamira hakujua, na Yosamu alikwisha kuhamia Bugoye, simu hapokei.

Drani aliondoka, kwa kuwa lori hakuwa na pa kuliacha. Alipofika Kasese akapiga simu. Alisema bado wamo. Wanagonga ubao wa nyuma, wanauliza kwa upole washuke wapi.

Siku hizi, giza likianza kuingia, Swalik anainua mkono. Madereva wanamtukana, na wakubwa wake wamekwisha kumwonya kuhusu foleni. Anauacha juu mpaka bega linakufa ganzi. Hasikii nyayo. Ila ng'ambo ya barabara, kwa wale waliowahi kuvuka, kuna sauti ya mama inayomwita mwanawe aje, polepole, kama mtu aliyechoka kuita.

"Consolée... kuya."

Na upande huu hakuna anayeitika.